Popo wa Darini na Urithi Uliogawanywa

Bukalasa, Kasokero, Shimoni, Ikoma. Mwalimu wa jiografia akiulizwa juu ya majina haya atasema mawili ni ya Uganda, moja ni la pwani ya kusini ya Kenya na moja ni la Serengeti. Mtaalamu wa virusi, awe Atlanta au Pretoria, huenda asikumbuke mahali hata pamoja. Kwake hayo ni majina ya virusi. Vitatu kati yake vilipatikana katika miili ya popo. Cha nne, kile cha Ikoma, kilipatikana kwa fungo, lakini wataalamu wanahisi kwamba chimbuko lake ni popo. Ni desturi ya fani hiyo kukipa kirusi kipya jina la mahali kilipopatikana, na kwa sababu hiyo ramani ya Afrika Mashariki imejaa tele katika vitabu vya virusi, ilhali wenyeji wa mahali penyewe aghalabu hawajui kwamba jina lao limesafiri.

Makala hii inafuatilia safari hiyo: ni nani waliovitafuta virusi vya popo katika ukanda wetu, walisukumwa na nini, na maarifa waliyoyapata yaliishia wapi. Dai langu ni kwamba hatukuumizwa na uhaba wa ugunduzi, kwa kuwa ugunduzi ulianza mapema, mwaka 1957. Tulichokosa ni njia ya kuurudisha kwa mtu anayelala chini ya popo.

Na mtu huyo yu karibu nasi. Hapa Kwashemshi, wilayani Korogwe, kama ilivyo katika vijiji vingi vilivyo chini ya milima ya Usambara, popo wadogo walao wadudu hujificha chini ya mabati ya madarasa, makanisa, misikiti na nyumba za watu. Magharibi inapoingia hutoka kama moshi. Mama mwenye nyumba hulalamikia harufu na madoa ya ukutani; watoto huwaokota walioanguka wakawachezea. Katika hadithi za bibi zetu popo ni yule asiye ndege wala mnyama, asiyetakiwa na upande wowote. Mwaka 1995 hofu ya popobawa iliwafanya watu wa Pemba na Unguja walale nje ya nyumba zao, tena katika mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, jambo ambalo wachambuzi wa siasa hawakuliona kuwa la bahati tu. Hofu zetu juu ya popo, basi, ni za zamani. Kirusi hakimo ndani yake.

Tuanzie Entebbe. Mwaka 1936 Wakfu wa Rockefeller wa Marekani, kwa kushirikiana na watawala wa kikoloni, ulifungua huko taasisi ya kuchunguza homa ya manjano, katika majengo yaliyokuwa ya utafiti wa malale. Swali lililowaleta halikuwa afya ya Mganda. Usafiri wa ndege ulikuwa umeanza kuziunganisha Afrika na India, na watawala wa Uingereza waliogopa kwamba homa ya manjano, ambayo India haikuwa nayo, ingepanda ndege pamoja na abiria. Walipokuwa wakikitafuta kirusi kimoja walikutana na vingine njiani. Mwaka 1937 walikipata cha West Nile katika damu ya mwanamke wa Omogo, kaskazini mwa Uganda. Mwaka 1947 walikipata cha Zika katika damu ya kima waliyemweka kizimbani ndani ya msitu wa jina hilo. Mwaka 1950 taasisi ikageuzwa kuwa ya Afrika Mashariki nzima.

Tanganyika nayo ikawa chini ya huduma yake. Mwaka 1952 na 1953 watu wa Newala, katika uwanda wa Wamakonde, walishikwa na homa iliyowakunja viungo hata wakashindwa kusimama wima, na wao wenyewe wakaupa ugonjwa huo jina la Kimakonde ambalo leo dunia nzima inalitamka: chikungunya. Bwana W. H. R. Lumsden wa Entebbe alifika kuuchunguza. Damu ya wagonjwa ilipelekwa Uganda, na mwenzake R. W. Ross akakitenga kirusi. Nakitaja kisa hiki kwa sababu mbili. Kwanza, kinaonyesha kwamba tangu hapo damu ya Mtanganyika ilipaswa kuvuka ziwa ili ielezwe ina nini. Pili, ni Lumsden huyo huyo ambaye, pamoja na Williams na Mason, walikipata mwaka 1957 kirusi kisichojulikana katika tezi za mate za popo wadogo walao wadudu hapo Entebbe. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1961, na kirusi kikaitwa kirusi cha popo cha Entebbe.

Yafaa msomaji aelewe kazi hiyo ilifanywaje, maana kugundua kirusi ni jambo moja na kukifahamu ni jambo jingine. Kiungo cha popo kilisagwa, maji yake yakadungwa katika ubongo wa panya wachanga ambao bado wananyonya, kisha watu wakangoja. Panya wakiugua au kufa, ubongo wao ulisagwa na kudungwa kwa wengine, hadi ithibitike kwamba kinachowaua kinazaliana na si sumu tu. Huo ndio ugunduzi. Kisha likaja swali gumu zaidi: hiki ni nani? Kirusi kigeni kilikutanishwa na seramu zenye kingamwili za virusi vinavyofahamika, moja baada ya nyingine, mfano wa mgeni anayepelekwa mbele ya wazee wa kila ukoo aulizwe kama kuna anayemtambua. Kirusi cha Entebbe kilitambuliwa kuwa ndugu wa homa ya manjano. Hapo likazuka swali la kusisimua: ikiwa kimo katika mate, je, popo huambukizana wenyewe kwa wenyewe bila ya mbu?

Miaka ya 1960 ilikuwa na pilika nyingi. Mwaka 1964 Williams, Simpson na Shepherd walitangaza katika jarida la Nature virusi zaidi kutoka kwa popo wa Uganda, na mwaka huo huo kirusi kingine kilipatikana kwa popo wa Mlima Elgon, upande wa Kenya. Taarifa ya hicho cha Elgon ilitoka mwaka 1969, na miongoni mwa waandishi wake yumo F. A. Mutere, ambaye mwaka 1967 alikuwa amechapisha utafiti juu ya uzazi wa popo wakubwa walao matunda karibu na ikweta. Nampa Mutere nafasi hapa kwa makusudi. Historia hii husimuliwa kana kwamba wenyeji walikuwa wabeba nyavu tu, na kwa sehemu kubwa ndivyo mfumo ulivyowataka wawe; lakini elimu ya popo wenyewe, lini wanapata mimba na lini wanazaa, ilikuwa tayari ikifanywa nchini Uganda. Miaka arobaini baadaye elimu hiyo ya uzazi ndiyo iliyokuja kuwa ufunguo.

Mwaka 1967 kulitokea tukio lililobadilisha uzito wa mambo. Wafanyakazi wa maabara huko Marburg na Frankfurt, Ujerumani, na Belgrade, Yugoslavia, waliugua homa ya kutokwa damu baada ya kushughulika na tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda. Watu 31 waliugua na 7 walifariki. Kirusi kilichosafirishwa kutoka kwetu kikapewa jina la mji wa Ulaya, mara moja hiyo ambapo desturi ya majina ilitupita pembeni. Tumbili walikuwa waathirika kama binadamu, hivyo mwenyeji wake wa kweli hakujulikana, na ilichukua miongo minne kumjua.

Katikati ya miongo hiyo, nyumba yenyewe ya utafiti iliporomoka. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Tunapoukumbuka mwaka ule huwa tunazungumzia ndege, reli na meli zilizogawanywa, maabara hatuzitaji. Taasisi ya virusi ya Entebbe ikabaki kwa Uganda. Taasisi ya malaria ya Amani, katika Usambara Mashariki hapa hapa mkoani Tanga, ikabaki kwetu, na baada ya sheria ya 1979 ikawa sehemu ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kwa ufupi, Tanzania ilirithi mbu na Uganda ikarithi virusi. Hakuna bunge lililokaa likaamua kwamba Mtanzania hahitaji jicho la kuvitazama virusi; ilitokana na mahali Waingereza walipokuwa wamejenga nyumba gani. Popo hawakupewa taarifa ya mgawanyo huo.

Mwaka huo huo wa 1977, Uganda ikiwa chini ya Idi Amin, watafiti wa Entebbe walikipata kirusi kipya kwa popo walao matunda wa pango la Kasokero. Kiliwaugusha wafanyakazi wa maabara wenyewe, na ndivyo ilivyojulikana kwamba kinampata binadamu. Kalunda na wenzake walichapisha taarifa kamili mwaka 1986, baada ya vita na mapinduzi kupita juu ya nchi yao. Hata hivyo ukoo wake ulibaki kitendawili hadi miaka ya 2010, vinasaba vyake viliposomwa na kikawekwa katika kundi la virusi vya nairo, kundi lililopata jina kutokana na ugonjwa wa kondoo wa Nairobi. Jirani alihitaji miongo mitatu na zaidi kutambulishwa kwa ndugu yake wa Nairobi.

Narudi kwenye Marburg. Mwaka 1980 mhandisi Mfaransa aliyekuwa magharibi mwa Kenya alifariki Nairobi. Mwaka 1987 akafuata kijana kutoka Denmark. Wote wawili walikuwa wameingia pango la Kitum, Mlima Elgon. Msafara mkubwa ulikwenda Kitum mwaka 1988, watu wamevaa mavazi ya kujikinga tangu utosini hadi nyayoni, ukatoka bila kirusi. Tazama jinsi uchunguzi ulivyofuata vifo vya wageni wawili. Wakati huo huo, huko Durba, kaskazini mashariki mwa Kongo, wachimbaji dhahabu walikuwa wakifa kwa homa ya kutokwa damu ambayo wenyeji waliifahamu tangu miaka ya mwisho ya 1980. Dunia ilifika mwaka 1999, na ilipohesabu mlipuko wa 1998 hadi 2000 ilipata wagonjwa 154 na vifo 128. Mlipuko ulikoma pale maji yalipofurika mgodi wa Goroumbwa. Maji yaliyafanya yale ambayo serikali haikuyafanya.

Hatimaye jibu lilipatikana Kitaka, magharibi mwa Uganda. Katikati ya mwaka 2007 wachimbaji wanne wa mgodi huo waliugua Marburg, mmoja akafariki. Ndani ya mgodi waliishi popo zaidi ya 100,000 wa aina moja, wale walao matunda ambao wanasayansi huwaita Rousettus aegyptiacus. Watafiti wa Marekani, Afrika Kusini na Uganda waliwanasa na kuwapima: takriban popo 5 katika kila 100 walikuwa na kirusi, na kwa baadhi yao kirusi kilitolewa kikiwa hai. Taarifa ilitoka mwaka 2009. Uchunguzi uliofuata katika pango la Python, msitu wa Maramagambo, ulionyesha jambo ambalo Mutere angelifurahia: maambukizi hupanda mara mbili kwa mwaka, yakifuata misimu ya kuzaa, na walio hatari zaidi ni popo vijana wa miezi kama sita, ambao kinga waliyotoka nayo kwa mama imekwisha. Popo mzima hakonekani kuugua. Hubeba, humwaga katika mate, mkojo na kinyesi, kisha hupona.

Sasa sikiliza kilichofuata, kwani hiki ndicho kisa ninachotaka kila diwani akijue. Baada ya mlipuko, wachimbaji wa Kitaka waliamua kuwamaliza popo. Waliziba milango ya mgodi kwa matete ya mafunjo na nyavu za kuvulia samaki. Maelfu ya popo walikufa. Mtu asiwahukumu haraka: waliona wenzao wakiugua, riziki yao imo mgodini, na hakuna aliyekuja kukaa nao awaeleze kingine cha kufanya. Mgodi ukawa mtupu kwa muda. Kisha popo wengine wakahamia humo. Mwaka 2012 mlipuko mpya wa Marburg ulizuka Ibanda, kama kilomita 20 kutoka Kitaka, mkubwa kuliko ule wa kwanza. Watafiti waliporudi mgodini mwezi Novemba mwaka huo waliwakuta popo wachache sana kuliko zamani, lakini waliokuwa na kirusi walikuwa zaidi ya 13 katika kila 100. Mauaji yaliondoa popo wenye kinga na kuwaachia nafasi vijana wageni wasio na kinga. Ugonjwa ukawa umelishwa na dawa yake.

Kwetu ukanda wa pwani, majina yaliendelea kujiandika. Julai 2009 popo aliyekufa katika pango la pwani ya Kenya alikutwa na kirusi cha jamii ya kichaa cha mbwa, kikaitwa Shimoni, jina la kijiji ambacho masimulizi ya wenyeji hukihusisha na pango la kufungia watumwa. Mwezi Mei mwaka huo huo, huko Ikoma, fungo alimng'ata mtoto. Ubongo wa mnyama huyo ulipochunguzwa ulikuwa na kirusi kingine cha jamii hiyo hiyo, chenye tofauti kubwa kiasi kwamba chanjo ya kawaida ya kichaa cha mbwa haitegemewi kukizuia. Mwaka 2018 kirusi cha Bombali, ndugu wa Ebola aliyegunduliwa mara ya kwanza Sierra Leone, kilipatikana kwa popo wadogo wa eneo la milima ya Taita. Taita na Usambara ni milima ya mnyororo mmoja, na popo wa aina ile, mwenye kupenda mapaa ya nyumba, hana haja ya pasipoti. Hakuna binadamu anayejulikana kuugua kwa kirusi cha Bombali, na ni vema kulisema hilo kwa sauti ile ile tunayotumia kutaja jina la Ebola.

Kisha zamu ya Tanzania ikafika. Machi 2023 Marburg ilithibitishwa kwa mara ya kwanza nchini mwetu, Bukoba Vijijini: wagonjwa 9, vifo 6. Safari hii vipimo vilifanywa Dar es Salaam. Hilo si jambo dogo kwa nchi ambayo miaka sabini nyuma ilipeleka damu ya Newala Entebbe. Januari 2025 ikatokea tena, Biharamulo, na hapo tuliona nusu ya pili ya tatizo. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya wagonjwa wanaoshukiwa. Muda mfupi baadaye Wizara ya Afya ilisema sampuli zilizopimwa hazikuwa na Marburg. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa shirika hilo, alitangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitika, kwa vipimo vya maabara inayohamishika ya Kabaile, mkoani Kagera, na kuhakikiwa Dar es Salaam. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Jumla walihesabiwa wagonjwa 10, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa, na wote walifariki.

Inawezekana kabisa kwamba sampuli za kwanza hazikuwa na kirusi. Sampuli huchukuliwa mapema mno, au kwa mtu asiye mwenyewe. Lakini serikali iliyoacha kutoa takwimu za korona tangu mapema Mei 2020, kwa zaidi ya mwaka mmoja, haina akiba ya imani ya kutumia ovyo. Mwananchi wa Biharamulo aliyesikia kwamba hakuna kitu, kisha akasikia kwamba kipo, ndiye tunayemtegemea atoe taarifa safari ijayo. Maabara tumepata, na nawapongeza waliozijenga, kauli bado.

Kuna na suala la fedha, ambalo nitalipita upesi. Mradi wa PREDICT wa USAID, ulioanza mwaka 2009, uliwatafuta virusi katika popo na wanyama wengine wa nchi nyingi. Kwetu Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Taasisi ya Afya Ifakara vilishiriki. Uliisha mwaka 2020. USAID yenyewe ilifungwa Julai 2025. Rockefeller alikuja kwa hofu yake, Washington ilikuja kwa hofu yake, na kila mmoja aliondoka hofu yake ilipobadilika. Popo wamebaki. Mwaka 2011 watafiti, miongoni mwao Julius Lutwama wa Entebbe na Robert Kityo wa Makerere, walimkamata popo mdogo darini mwa nyumba karibu na pale pa mwaka 1957. Alikuwa na kirusi kile kile cha Entebbe, ambacho hakuna aliyekuwa amekiona kwa miaka 54, na protini zake zilifanana na za kile cha zamani kwa asilimia 97.8. Utawala wa kikoloni ulikuja na kuondoka, Jumuiya ikafa ikafufuka, na darini mwa nyumba ile mambo yaliendelea vilevile.

Turudi basi chini ya mabati ya Kwashemshi. Maarifa yanayomhusu mkazi wake yamekwishapatikana, kwa gharama ya maisha ya wachimbaji wa Durba na Kitaka. Popo wa darini si yule wa Marburg, ambaye hupenda mapango na migodi. Anakula wadudu, na kumuua kwa moshi au sumu hakufai. Wale wakubwa huchavusha mibuyu na kusambaza mbegu za mvule. Popo aliyeanguka asishikwe kwa mkono mtupu, na mtoto afundishwe hivyo kabla ya kufundishwa kuandika. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende zahanati siku hiyo hiyo. Tunda lililoumwa lisiliwe. Mwenye kutaka kuwatoa popo nyumbani azibe matundu usiku wakiwa wametoka, nje ya msimu wa kunyonyesha, wala asiwafungie ndani. Anayeingia pangoni au mgodini awe na sababu.

Hayo yote yanaenea katika karatasi moja ya ukutani, kwa Kiswahili, Kisambaa na Kizigua. Kuyaandika ni kazi ya wiki moja kwa watu watatu: daktari wa binadamu, daktari wa mifugo na afisa misitu. Wilaya inao wote watatu.